Mvua Moja Si Masika

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Bagamoyo na pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam

Mwalimu aandike maneno haya ubaoni kabla ya kufungua redio, na darasa liyasome kwa sauti: kaskazi, matangambili, wastani, matarajio, uwezekano, milimita, unyevu.

Natumaini mmekwisha kaa, daftari zi wazi na kalamu zimechongwa. Wenye kuja kutoka shambani wapumzike kidogo, maana jua la leo si mchezo.

Somo letu la leo ni juu ya jua hilo hilo. Tumo katika siku za mwisho za kiangazi. Mwezi wa Februari unakwisha. Maembe yamekwisha mitini, nyasi zimekuwa rangi ya mkeka mkuukuu, na njia ya kwenda kisimani imejaa vumbi. Kila mtu anatazama mbinguni na kuuliza swali moja: mvua itanyesha lini?

Mimi sitawaambia mvua itanyesha lini. Kazi hiyo ina wenyewe. Ninalotaka kuwafundisha leo ni namna ya kuisikiliza taarifa ya hali ya hewa, kuielewa neno kwa neno, na kuitumia kabla ya kutia mbegu ardhini. Kwani wako watu kila mwaka ambao hupoteza mbegu zao zote kwa sababu ya mvua moja ya usiku mmoja.

Kwa nini siku hizi ni kavu

Kwanza tujiulize: kwa nini Februari huwa kavu katika pwani yetu?

Wazee wetu wa Bagamoyo, Kaole, Winde na Saadani waliijua miaka kwa pepo zake. Tangu kama Desemba mpaka Machi huvuma kaskazi. Tangu kama Aprili mpaka Septemba huvuma kusi. Katikati yake kuna siku ambazo upepo hauna msimamo, leo huku kesho kule, nazo huitwa matangambili. Majahazi ya Uarabuni na ya Ghuba yaliletwa na kaskazi, yakarudishwa na kusi. Nahodha asiyejua majira haya alikaa bandarini miezi mingi akila akiba yake.

Sasa, kaskazi hutoka upande wa kaskazini mashariki, nchi za Uarabuni, nchi kavu. Isitoshe, ukifika kwetu upepo huu hupita karibu sambamba na pwani. Hauingii nchi kavu moja kwa moja na maji ya baharini. Kwa hiyo huleta joto na mawingu machache, lakini mvua si nyingi.

Jambo la pili ni jua. Mkanda mkubwa wa mvua hulifuata jua. Mnamo Januari jua liko kusini yetu, na mvua nyingi ziko huko kusini. Kisha jua huanza safari ya kurudi kaskazini, na mkanda wa mvua huja nyuma yake, pole pole, kama mbuzi wamfuatavyo mchungaji.

Jambo hili mwaweza kulishuhudia wenyewe bila ya chombo chochote. Simamisheni kijiti kilichonyooka katika uwanja wa darasa. Kitazameni kila siku saa sita u nusu mchana. Mtaona kivuli chake kinapungua siku hata siku. Hapa Bagamoyo, siku ya 3 au ya 4 ya mwezi wa Machi, kivuli hicho hutoweka kabisa, kwa sababu jua liko juu ya utosi. Baada ya siku hizo jua huwa limevuka kwenda kaskazini. Kijiti hicho hakisemi kwamba mvua itanyesha kesho. Kinasema tu kwamba mkanda wa mvua uko njiani. Katika pwani yetu mvua za masika kwa kawaida huanza Machi, hushika nguvu Aprili, na huishia Mei.

Maana ya wastani

Hapa yafaa tujifunze neno moja kubwa: wastani. Pale Dar es Salaam, wastani wa mvua ya Februari ni kama milimita 60. Wastani wa mvua ya Aprili ni kama milimita 250, yaani zaidi ya mara nne.

Je, wastani ni nini? Chukueni mvua ya Februari za miaka mingi, mzijumlishe, kisha mgawanye kwa hesabu ya miaka hiyo. Jibu ndilo wastani. Basi si ahadi. Februari moja yaweza kupata milimita 5, na nyingine milimita 150. Mtu akisema, "Wastani wa Februari ni milimita 60, basi lazima zitimie," amekosa. Ni sawa na mvuvi asemaye, "Kwa kawaida napata samaki kumi, basi leo lazima nipate kumi." Bahari haikumwandikia hati.

Jinsi ya kusikiliza taarifa

Sasa tuje kwenye taarifa yenyewe. Zamani nchi tatu za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na idara moja ya hali ya hewa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilisimamisha idara yake. Idara ya Tanzania ikafanywa Wakala mwaka 1999, na tangu mwaka 2019 huitwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hao ndio watoao taarifa ya kila siku, na kila mwaka kabla ya masika hutoa pia mwelekeo wa msimu mzima.

Nitawasomea taarifa ya mfano. Nimeitunga mimi kwa ajili ya somo, lakini inafanana na zile mnazozisikia katika juma kavu kama hizi za Februari. Sikilizeni:

"Ukanda wa pwani ya kaskazini, yaani mikoa ya Tanga, Pwani na Dar es Salaam pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia. Hali ya mawingu kiasi na vipindi vya jua. Mvua nyepesi zinatarajiwa katika maeneo machache. Upepo utavuma kutoka kaskazini mashariki kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa. Bahari itakuwa na mawimbi makubwa kiasi."

Imekwisha. Ni maneno machache, lakini kila neno lina kazi yake. Twende pole pole.

"Ukanda wa pwani ya kaskazini." Hapo mjue kwamba taarifa inazungumza na watu wengi sana, tangu mpaka wa Kenya hata Mafia. Haizungumzi na shamba lako peke yake.

"Mvua nyepesi katika maeneo machache." Maneno haya ndiyo yaletayo ugomvi. Mtu wa Zinga akilowa, mtu wa Mapinga akabaki na vumbi, mmoja atasema redio ni kweli na mwingine atasema redio ni mwongo. Kumbe redio imesema kweli kwa wote wawili! Maeneo machache maana yake ni hapa na pale. Siku ya joto, hewa ya moto hupanda juu, hujenga wingu moja, wingu humwaga maji mahali padogo, kisha hutawanyika. Mvua ya namna hiyo haina mwenzake nyuma.

"Zinatarajiwa." Hili ni neno la uwezekano. Wataalamu hupima upepo, joto, unyevu wa hewa na uzito wa hewa, hutazama picha za mawingu zilizopigwa na setilaiti, kisha hupiga hesabu. Kesho huijua vizuri. Keshokutwa huijua kiasi. Siku ya saba huijua kwa shida. Kwa hiyo taarifa ya juma zima isisikilizwe Jumatatu tu ikawa basi. Isikilizwe kila siku, kama mtu anayeonja mchuzi mpaka uive.

"Upepo kutoka kaskazini mashariki." Kwa mkulima haya ni maneno makubwa kuliko hata neno mvua. Maadamu mnasikia kaskazini mashariki, kaskazi bado yu mwenye nyumba. Mkianza kusikia upepo umelegea, umegeuka mashariki, na baadaye kusini mashariki, hapo mjue mlango wa masika unafunguliwa.

Tena kuna maneno ya hatari. Yako matatu, nayo hupanda kama ngazi: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Pamoja nayo hutajwa mambo mawili: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. La kwanza lasema jambo hilo ni karibu kiasi gani. La pili lasema likitokea litaumiza kiasi gani. Msiyachanganye. Mtu mwenye chombo baharini hazuiwi na uwezekano mdogo peke yake. Hutazama pia kama athari yake ni kubwa.

Mazungumzo ya mfano

Sasa sikilizeni mazungumzo ya watu wawili, kijana na shangazi yake. Tuseme wako Kiwangwa. Ni asubuhi, katika juma la mwisho la Februari.

KIJANA: Hodi, shangazi! Shikamoo.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona jembe begani mapema hivi?

KIJANA: Shangazi, hukusikia mvua ya usiku? Bati lilivuma kama ngoma. Nimekuja kuchukua ile mbegu uliyoniwekea. Leo leo napanda.

SHANGAZI: Niliisikia. Kopo langu pale uani limepata milimita 12. Haya, nenda kachimbe pale kando ya mnazi, uniambie maji yamefika wapi.

KIJANA: (Anarudi.) Vidole vinne tu, shangazi. Chini yake ni vumbi.

SHANGAZI: Na redio imesemaje?

KIJANA: Imesema jua, mawingu kiasi, na mvua nyepesi maeneo machache. Upepo bado ni kaskazi.

SHANGAZI: Basi usiku wa jana sisi ndio tulikuwa hayo maeneo machache. Leo watakuwa wengine.

KIJANA: Lakini jirani amekwisha panda. Nimemwona.

SHANGAZI: Jirani ana gunia jingine ndani. Wewe una kilo 8 tu, na ndizo hizo hizo. Zikifa, mvua yenyewe ikija utapanda nini? Utakwenda kukopa kwa nani?

KIJANA: Na nikingoja mno, mvua ikinipita?

SHANGAZI: Hilo ni neno la mtu mzima. Sikukuambia ulale. Nimekuambia usitie mbegu. Shamba lako limekwisha lainishwa?

KIJANA: Bado nusu.

SHANGAZI: Basi jembe hilo lina kazi. Nenda kamalize. Mbegu iko hapa, haina miguu.

Ndugu wasikilizaji, simamisheni hapo kidogo mjiulize: nani ana haki katika mazungumzo haya? Wote wawili wana haki. Kijana anaogopa kuchelewa, na ni kweli, masika yetu si marefu. Anayepanda mwisho mahindi yake huchomwa na jua la Juni kabla ya kukomaa. Shangazi anaogopa kupoteza mbegu, na hilo pia ni kweli. Tofauti yao ni kwamba shangazi amepima. Kijana amesikia bati likivuma, basi.

Hesabu ya kopo

Tupige hesabu, kila mtu katika daftari lake.

Mvua hupimwa kwa milimita. Milimita 1 ya mvua ikimwagika juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Kwa hiyo milimita 1 juu ya ekari moja ni lita 4,000. Debe moja ni kama lita 20. Gawanyeni: lita 4,000 kwa 20. Jibu ni madebe 200.

Shangazi alipata milimita 12. Zidisheni 200 kwa 12. Jibu ni madebe 2,400 katika kila ekari. Mtasema, ni maji mengi mno! Naam, lakini tazameni upande wa pili. Jua la Februari pamoja na upepo wake yaweza kunyonya kama milimita 5 kwa siku. Zidisheni tena: madebe 1,000 kila siku. Madebe 2,400 yatadumu siku ngapi? Siku mbili na kidogo.

Mbegu ya mahindi katika udongo wa joto huhitaji siku kama 5 ili ichomoze. Siku ya kwanza hunywa maji na kuvimba. Siku ya pili na ya tatu hutoa mzizi. Sasa maji yamekwisha. Mbegu iliyokwisha kuamka haiwezi kulala tena. Hufa pale pale gizani, na mwenyewe hana habari. Hungoja juma zima akitazama matuta, kisha husema panya wamekula.

Wengine hupanda katika vumbi kabla ya mvua yoyote, wakisema mbegu itangoja. Ni kweli mbegu katika udongo mkavu kabisa hungoja. Lakini ikija mvua moja ndogo ya kuiamsha, kisha jua la siku kumi, hasara ni ile ile.

Basi tupande lini? Wataalamu wengi hutumia kanuni hii: mvua ifike kama milimita 20 katika siku tatu au chini ya hapo, na baadaye pasiwe na ukavu wa zaidi ya siku kumi hivi. Sehemu ya kwanza mtaipima kwa kopo. Sehemu ya pili mtaisikiliza katika redio. Na kwa jembe mtahakikisha: chimbeni, udongo uwe umelowa kina cha shubiri moja. Mambo matatu yakikubaliana, kopo, redio na jembe, pandeni siku hiyo hiyo, msingoje kesho. Na kama mbegu yatosha, pandeni sehemu moja, nyingine iwekeni akiba mpaka ya kwanza ichomoze.

Kipimo chenyewe si cha kununua. Chukueni kopo la bati lenye ubavu ulionyooka, mdomo na kitako vilingane. Liwekeni uwanjani, mbali na mti na mbali na mchirizi wa paa, likazwe kwa mawe lisianguke. Kila asubuhi saa moja tieni rula ndani, msome milimita, mwandike, kisha mmwage. Darasa lote litumie kopo moja na daftari moja. Baada ya miaka michache mtakuwa na kitabu cha mvua ya kijiji chenu, ambacho ofisi ya mbali haina.

Mwaka 2019

Pengine mmoja wenu atasema, "Lakini Machi ni mwezi wa mvua. Ikifika Machi mimi sihitaji kopo." Nitawakumbusha mwaka 2019.

Katikati ya Machi mwaka ule, kimbunga kilichopewa jina la Idai kilipiga mji wa Beira katika nchi ya Msumbiji. Watu wengi walikufa huko na katika nchi za jirani. Sisi huku hatukupigwa na kimbunga hicho, lakini tulikigharimia. Kimbunga kikubwa hufanya kazi kama pampu: huvuta hewa yenye unyevu kutoka mbali. Unyevu ambao ungekuja kwetu uligeuzwa njia. Masika ya mwaka 2019 yalichelewa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kalenda ilisema Machi, mbingu zikasema bado.

Basi mnaona kwamba jambo lililotokea mamia ya maili kusini laweza kuamua mbegu ya mtu wa Kiwangwa iishi au ife. Macho yetu hayafiki huko. Masikio yetu hufika, tukifungua redio.

Na faida ya kusikiliza si kwa mashamba tu. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja na Bagamoyo. Iliangusha mikarafuu, ikavunja vyombo, ikabomoa nyumba za misheni hapa mjini. Hakuna aliyepewa habari mapema. Mwezi wa Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilikuja upande wa Mafia, na safari hii Mamlaka ilitangaza siku kadhaa kabla. Wavuvi wenye kusikia waliweza kuvuta vyombo juu. Hiyo ndiyo tofauti ya zama hizo na hizi.

Kazi za juma hili kavu

Kungoja mvua si kukaa bure. Juma kavu lina kazi zake.

Kazi ya kwanza ni shamba. Malizeni kufyeka na kulima, ili siku ya mvua ya kweli ikute mashimo tayari. Lakini msichome moto mchana. Kaskazi la alasiri, likisaidiwa na upepo wa baharini, huchukua cheche hata shamba la jirani. Kama hapana budi kuchoma, fanyeni njia ya moto kwanza, mchome asubuhi mapema upepo ukiwa umelala, watu wawepo na maji yawepo. Fanyeni kazi ngumu tangu saa kumi na mbili mpaka saa nne asubuhi, kisha mtafute kivuli na maji ya kunywa.

Kazi ya pili ni kisima. Karibu na bahari, maji matamu hukaa juu na maji ya chumvi hukaa chini, kwa kuwa ya chumvi ni mazito zaidi. Mkichota kwa pupa mpaka mkikomba chini, maji ya chumvi hupanda. Mkichimba zaidi, mnayakaribisha. Basi chota kidogo, pumzisha kisima, chota tena. Wekeni zamu. Na maji ya siku hizi, kwa kuwa ni machache na hutumiwa na wengi, huchafuka upesi. Chemsheni ya kunywa, mfunike mtungi.

Mto Ruvu nao hupungua. Mto huu hunywewa na watu wengi mno, si wa Bagamoyo tu bali wa Dar es Salaam pia. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022, mvua zilipokosekana na mto ukapungua, mji mkubwa ule uligawiwa maji kwa zamu. Na mto ukipungua, bahari ya bamvua hupanda ndani ya mdomo wake. Wenye mashamba ya mpunga bondeni waonje maji kabla ya kuyafungulia majaruba. Ulimi ni kipimo kizuri cha chumvi.

Kazi ya tatu ni ya watu wa pwani. Kwa wenye mashamba ya chumvi, na kwa wanaoanika samaki, juma kavu ni neema. Wafanye haraka kabla ya mawingu ya Machi. Kwa wakulima wa mwani, maji ya moto ya siku hizi hudhoofisha ule mwani wa kotonii. Wautazame mara kwa mara, na uliokomaa wauvune. Kwa wavuvi wa ngalawa, wasitoke bila ya kusikia sehemu ya mwisho ya taarifa, ile ya bahari na mawimbi.

Neno la mwisho

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekaribia kwisha. Wazee waliotazama upepo, nyota na maua ya miti hawakuwa wajinga. Walikuwa wakikusanya habari, kama wafanyavyo wataalamu. Lakini hawakuweza kuona kimbunga kilichoko Msumbiji, na mtaalamu naye hawezi kuona kina cha maji kando ya mnazi wako. Kwa hiyo tuvitumie vyote: ujuzi wa wazee, taarifa ya redio, kopo la uani na jembe.

Kisomo mlichokipata kina kazi hapa. Mtu anayesoma rula, anayeandika milimita 12 na tarehe yake, anayejua kuzidisha 200 kwa 12, hapotezi mbegu ya watoto wake kwa sababu ya kelele za bati. Mvua ya kwanza ishukuruni, ipimeni, muiandike. Mbegu iacheni ndani mpaka mvua ya kweli ifike.

Kwaherini, hata juma lijalo.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Je, katika kijiji chetu mwaka jana tulipanda baada ya mvua ya ngapi? Nani alipanda mara mbili?

2. Redio imesema "mvua katika maeneo machache," na kwako haikunyesha. Je, redio imekosa? Toeni sababu.

3. Kopo limepata milimita 7 jana na milimita 15 leo. Jumla ni ngapi? Ni madebe mangapi katika ekari moja? Je, tupande? Tunahitaji kujua nini tena?

4. Ni visima vingapi katika kijiji chetu ambavyo maji yake yameanza kuwa na chumvi? Tufanye zamu ya namna gani?

5. Chagueni mtu mmoja wa kutunza kopo na mmoja wa kutunza daftari. Kazi ianze kesho asubuhi saa moja, hata kama hakuna mvua. Siku isiyo na mvua iandikwe: 0.